Wasomaji Wauliza: Uzamili wa Saikolojia Tiba na Unasihi

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wenye shahada ya kwanza wanaotaka kusomea uzamili wa saikolojia tiba au unasihi: walimu, wauguzi, maofisa ustawi wa jamii, na wengine ambao tayari wako darasani na wamekwama. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Majina tumeyaacha.

Shikamooni wataalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina shahada ya elimu yenye saikolojia. Kila nikitafuta kozi ya uzamili naona saikolojia tiba huku, unasihi kule, na sielewi tofauti yake ni nini hasa. Nichukue ipi, na je, shahada yangu itapokelewa? — Mwalimu, Morogoro

Marahaba, mwalimu. Mwanasaikolojia tiba anafundishwa kutathmini na kutambua maradhi ya akili, kutumia vipimo, kuandika ripoti, na kutibu kwa mazungumzo watu wenye sonona kali, skizofrenia, uraibu, kiwewe au matatizo yaliyoletwa na kuumia ubongo. Sehemu kubwa ya mafunzo yake iko wodini na kliniki, akishirikiana na daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Hatoi dawa. Dawa ni kazi ya yule bingwa, aliyesoma udaktari kwanza ndipo akabobea.

Mnasihi, au mshauri nasaha kama wengi wanavyomwita, anafundishwa zaidi kukaa na mtu aliyeelemewa na maisha: msiba, ndoa iliyoyumba, majibu ya VVU, mwanafunzi aliyefeli, mtumishi aliyechoshwa na kazi hadi halali. Ila mipaka yao inaingiliana. Kila mnasihi hukutana na watu wenye sonona kali, kwa hiyo programu ya unasihi isiyofundisha utambuzi wa maradhi ya akili ina pengo, hata kama chuo kina jina kubwa.

Chagua kwa kuangalia mahali unapotaka kufanyia kazi. Kama ni shuleni, vyuoni, kwenye mashirika au vituo vya vijana, unasihi utakufikisha. Kama unajiona kwenye hospitali kama Mirembe, Muhimbili au Mathari, omba saikolojia tiba. Kwa Afrika Mashariki, MUHAS ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi na Makerere vina uzamili wa saikolojia tiba. USIU-Africa ya Nairobi ina uzamili wa fani zote mbili na shahada ya uzamivu ya saikolojia tiba iitwayo PsyD. Daystar nayo inafundisha saikolojia ya ushauri nasaha.

Kuhusu shahada yako: kamati ya udahili husoma transkripti, somo kwa somo. Shahada ya elimu huwa na saikolojia ya makuzi na ya ujifunzaji kwa wingi, lakini mara nyingi inapungukiwa na takwimu, mbinu za utafiti, vipimo vya kisaikolojia na saikolojia ya maradhi ya akili. Vyuo vingine hukupa masomo ya kuziba pengo kwa muhula mmoja au miwili kabla ya uzamili, vingine vinakukataa moja kwa moja. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya maombi, tuma transkripti pamoja na maelezo ya kila somo la saikolojia ulilosoma, na uombe jibu la maandishi: napungukiwa nini? Ahadi ya kwenye simu haitakusaidia Oktoba ikifika. Alama nazo zina kima cha chini. Kenya, kawaida ni daraja la pili la juu, au la pili la chini likiambatana na uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi.

Kisha uliza mambo matatu ambayo tovuti za vyuo huyapitia juu juu. Mwanafunzi anatakiwa kukaa na wateja saa ngapi kabla ya kuhitimu? Nani humsimamia, na msimamizi huyo mwenyewe ana sifa gani? Je, programu yenyewe, mbali na chuo, imeidhinishwa na tume ya vyuo vikuu, yaani TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya? Chuo kinachoshindwa kujibu swali la kwanza kwa tarakimu tunakushauri ukiache.

Mimi ni muuguzi, naanza uzamili wa unasihi mwezi Septemba huku nikiendelea na kazi hospitalini. Wenzangu waliotangulia wanasema masomo ya darasani si tatizo, tatizo ni saa za mafunzo kwa vitendo. Nizipange vipi? Na miaka niliyowanasihi wagonjwa wa VVU haitahesabiwa? — Muuguzi, Kisumu

Wenzako wamekwambia kweli, dada. Darasa lina ratiba, wateja hawana.

Kila chuo kina idadi yake, lakini upate picha, chukua kiwango cha CACREP, chombo kinachotoa ithibati kwa programu za unasihi Marekani, ambacho waalimu wengi hukitumia kama kipimo cha kulinganishia. Kinataka saa 100 za mafunzo ya awali, 40 kati yake ziwe za kukaa na mteja ana kwa ana, halafu saa 600 za mafunzo ya kazini, 240 kati yake za ana kwa ana. Kila wiki mwanafunzi apate wastani wa saa moja ya usimamizi wa karibu na saa moja na nusu ya usimamizi wa kikundi.

Sasa piga hesabu. Saa 240 kwa mihula miwili ya wiki 15 ni saa nane kwa wiki. Lakini wateja hawaji wote. Mvua, nauli, mtoto kaugua, mume kakataza. Theluthi moja wasipokuja, lazima uwe umepanga wateja 12 ili nane watimie. Muuguzi mwenye zamu za usiku akipanga wanane tu, mwisho wa muhula wa kwanza ana saa 80 badala ya 120, na muhula wa pili hauna nafasi ya kulipia deni hilo. Hapo ndipo watu huahirisha mahafali.

Kinachohesabika kama saa ya ana kwa ana ni kikao cha mtu mmoja, cha wanandoa au familia, cha kikundi unachokiongoza, na tathmini. Kuandika faili, kusoma, kuhudhuria kikao cha idara na kumsubiri mteja asiyetokea huingia kwenye saa zisizo za ana kwa ana au haviingii kabisa. Unasihi uliokuwa ukiufanya kama mwajiriwa kabla ya kudahiliwa hauhesabiki, kwa sababu hukuwa na msimamizi wa chuo aliyeuona. Unaweza kuombea mafunzo yako yafanyike hospitali hiyo hiyo, lakini kwa masharti: kitengo kiwe kingine, muda uwe nje ya zamu yako, na msimamizi asiwe matroni wako. Anayekupangia zamu hawezi pia kuwa mtu unayemweleza kwamba kikao cha jana kilikushinda. Na usimpokee kama mteja mtu unayemhudumia wodini. Hatajua leo umekuja kumchoma sindano au kumsikiliza.

Daftari la saa liwe na safu sita: tarehe, muda wa kuanza na kumaliza, namba ya siri ya mteja, aina ya huduma, jumla hadi leo, sahihi ya msimamizi. Jina la mteja lisionekane humo hata mara moja. Sahihi ichukuliwe kila wiki. Huu ndio mtego unaowanasa wengi: mwanafunzi anakusanya miezi sita bila sahihi, msimamizi anahamishwa Garissa au anaacha kazi, na chuo kinakataa saa zote kwa kuwa hakuna wa kuzithibitisha. Piga picha kila ukurasa uliosainiwa.

Kabla ya kukubali kituo, nenda ukakitazame. Kuna chumba chenye mlango unaofungwa? Wanapata wateja wapya wangapi kwa wiki, na wanafunzi wengine ni wangapi wanaowagawana? Vituo vingine humpokea mwanafunzi kwa bashasha, kisha humweka mapokezi akipanga mafaili.

Miaka minne iliyopita niliugua sonona, nikatibiwa, nikapona. Hapo ndipo nilipoipenda fani hii. Kwenye barua ya maombi niseme au nifiche? Naogopa kwamba kamati itaniona mgonjwa. — Msomaji, Tanga

Pole kwa uliyopitia, na hongera kwa kutafuta tiba ukaimaliza. Kuugua hakukufungii mlango wa fani hii, na mtu asikwambie vinginevyo.

Barua ya maombi, hata hivyo, ina kazi moja: kuishawishi kamati kwamba utaweza kusoma, kutafiti na kukaa na watu wenye maumivu. Kamati inaposoma kurasa mbili zilizojaa ugonjwa wa mwombaji, haimwoni mgonjwa. Inajiuliza kama atakuwa na nafasi ya kumsikiliza mteja. Kwa hiyo ukitaka kusema, tumia sentensi mbili au tatu. Sema uliwahi kutibiwa, sema ulichojifunza kuhusu jinsi tiba inavyofanya kazi, kisha endelea: uzoefu wako wa kazi, mada ya utafiti inayokuvutia, sababu ya kuchagua chuo hicho. Usieleze undani wa dalili, na usitaje jaribio la kujidhuru kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa watu usiowajua. Ukiamua kutosema lolote, hujadanganya mtu.

Kwenye usaili huenda wakakuuliza, "Mteja akija na tatizo linalofanana na lako, utafanya nini?" Wanasubiri wasikie kwamba utamweleza msimamizi mapema. Jibu la "nitamsaidia vizuri zaidi kwa sababu nilipitia" huwatia wasiwasi, kwa kuwa anayejibu hivyo mara nyingi humtibu mteja kwa dawa iliyomfaa yeye.

Ukishaingia, tafuta mtu wako wa kuzungumza naye. Programu kadhaa hulazimisha kila mwanafunzi apate vikao vyake mwenyewe, na ni utaratibu tunaouunga mkono kwa moyo wote. Asiwe mwalimu wako wala mtu atakayekusahihishia mitihani. Wakati wa mafunzo kwa vitendo jiangalie: ukiona unakwepesha mazungumzo kila mteja anapotaja kifo, unarefusha vikao vya mtu mmoja, au unampigia mteja simu usiku kumjulia hali, hizo ni dalili za kupeleka kwa msimamizi wiki hiyo hiyo.

Niko mwaka wa pili wa uzamili wa saikolojia tiba. Nataka kulinganisha sonona kati ya madereva wa bodaboda waliopata ajali na wasiopata, kwa dodoso la PHQ-9. Kamati ya maadili imerudisha pendekezo langu: kwanza sampuli "haijafafanuliwa", pili "swali la tisa halina mpango". Nilitumia fomula ya Yamane kama wenzangu wote. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi, Dodoma

Tuanze na sampuli. Fomula ya Yamane inagawa idadi ya watu kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa. Madereva 400 na kosa la 0.05 inakupa 400 gawanya kwa 2, yaani 200. Fomula hiyo inafaa ukitaka kukadiria asilimia ya watu wenye jambo fulani katika kundi linalojulikana idadi. Wewe hukadirii asilimia, unalinganisha wastani wa makundi mawili. Hesabu yako inatakiwa itokane na ukubwa wa tofauti unayotarajia kuiona. Kwa tofauti ya kati, yaani nusu ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika), ukitaka uwezekano wa asilimia 80 wa kuigundua na kiwango cha makosa cha 0.05, unahitaji watu 64 kila kundi. Ukitarajia asilimia 15 wasimalize dodoso, gawanya 64 kwa 0.85, unapata 76 kila kundi, 152 jumla. Programu ya bure ya G*Power itakufanyia hesabu hii, na kamati itataka uandike namba zote ulizoiingizia na sababu ya kuchagua tofauti hiyo. Ukinukuu utafiti uliokwishafanywa juu ya watu wanaofanana na wako, hawatakuwa na hoja.

Kuhusu dodoso lenyewe: PHQ-9 ina maswali tisa yanayohusu wiki mbili zilizopita, kila moja likipata 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na 10 kwenda juu ndiyo hupewa uzito kama dalili ya sonona inayohitaji kufuatiliwa. Tafsiri za Kiswahili zilizopimwa kitaalamu zipo. Tumia mojawapo, uitaje, na usijitafsirie upya. Ukibadili hata maneno machache, umelazimika kuanza mchakato mzima: watafsiri wawili, wengine wa kuirudisha kwenye Kiingereza bila kuona ya awali, majaribio kwa watu wachache, na kupima uthabiti wake wa ndani, yaani jinsi maswali yake yanavyokubaliana, ambao chini ya 0.70 utakuletea maswali siku ya utetezi.

Sasa swali la tisa, ambalo ndilo zito. Linamuuliza mtu kama amekuwa akiwaza kwamba afadhali afe au ajidhuru. Kamati inauliza: dereva akijibu "karibu kila siku", wewe utafanya nini dakika ile? Mapendekezo mengi huandika kwamba "wenye dalili watapelekwa kwa wataalamu" na kuishia hapo. Nani atawapeleka? Lini? Kwa nauli ya nani?

Mpango unaokubalika una mambo haya. Dodoso lijazwe kwa mahojiano ya mmoja mmoja mahali pa faragha, wala si kijiweni mbele ya wenzake, na si kwa fomu ya mtandaoni, maana mtu asiye na jina aliyejibu "ndiyo" saa nane usiku huna njia ya kumfikia. Jibu la swali la tisa liangaliwe kabla mhojiwa hajaondoka. Likiwa 1 au zaidi, mhojaji aliyefundishwa aulize kwa utulivu na bila kuzungukazunguka: mawazo haya yamekuja lini mara ya mwisho? Umewahi kufikiria utafanyaje? Unacho kitu hicho karibu? Umewahi kujaribu? Ni nini kimekuzuia hadi leo? Kuuliza moja kwa moja hakumpandikizii mtu wazo. Humwonyesha kwamba kuna mtu anayeweza kulisikia.

Baada ya hapo weka ngazi tatu na kitendo cha kila ngazi. Mawazo bila mpango: anapata mazungumzo papo hapo, barua ya rufaa, na simu ya kumfuatilia ndani ya siku mbili au tatu. Mawazo na mpango, lakini bila nia ya karibuni: anampigia ndugu anayemwamini mbele yako, ndugu anaombwa aondoe vitu vya hatari nyumbani, na anaonwa na mtaalamu ndani ya saa 24. Mpango, kitu cha kutumia na nia: haachwi peke yake hata kwenda chooni, na anasindikizwa hospitali siku hiyo hiyo. Kumpa kikaratasi chenye namba ya simu na kumuaga si mpango katika ngazi yoyote.

Ambatisha barua ya kituo kitakachowapokea, yenye jina la kitengo na sahihi, ipatikane kabla ya kukusanya taarifa. Ndani ya bajeti weka nauli ya watu kadhaa na ya msindikizaji. Fomu ya ridhaa nayo iseme wazi kwamba siri itavunjwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, na nani ataambiwa. Kumbuka pia kwamba kwa sheria ya Tanzania jaribio la kujiua ni kosa la jinai. Baadhi ya wahojiwa wanajua hilo na watajibu sifuri kwa hofu. Lieleze katika mipaka ya utafiti wako, na utunze majibu mbali na majina.

Ukiwa umefanya marekebisho, uyajibu kwa jedwali: hoja ya kamati, ulichobadili, ukurasa. Kamati ikiona jedwali haihitaji kusoma pendekezo zima upya. Wasomaji wa Kenya wakumbuke mpangilio wao: kwanza kibali cha kamati ya maadili, ndipo kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Aliyeanza kukusanya taarifa kabla ya vibali hawezi kuzitumia baadaye. Zanzibar ina kamati yake ya maadili ya utafiti wa afya, na kibali cha Bara hakitoshi huko.

Nikimaliza uzamili, naweza kufungua ofisi yangu Nakuru mara moja? — Msomaji, Nakuru

Hapana, anza na usajili. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, ambayo ndiyo iliyoanzisha Bodi inayosajili, na kufanya kazi hii bila usajili ni kosa. Andaa vyeti, transkripti, na daftari lako la saa lenye sahihi. Hapo ndipo utaona faida ya lile daftari tulilomwambia muuguzi wa Kisumu. Shahada ya nje ya nchi inahitaji kutambuliwa rasmi kwanza, na hilo huchukua muda, kwa hiyo lianze kabla hujapanga chumba. Ukishafungua, mafaili ya wateja yanaingia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: kabati linalofungwa kwa ufunguo, kompyuta yenye nywila, na hakuna ripoti ya mteja inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Niko Columbus, Ohio, nimemaliza shahada ya saikolojia hapa. Mshauri wa chuo ananitajia PhD, PsyD na uzamili wa unasihi, kila moja kwa sifa zake. Nyumbani wananitegemea, siwezi kupoteza miaka. Mnanishauri nini? — Kaka wa Ohio, kutoka Goma

Ndugu yetu, kwanza jua kwamba Marekani jina "mwanasaikolojia" linalindwa na sheria za majimbo, na karibu kila mahali linataka shahada ya uzamivu. Uzamili wenye jina la saikolojia tiba mara nyingi haukupi leseni hiyo. Kila mwaka kuna wahamiaji wanaolipa ada ya miaka miwili kisha wakagundua hivyo. Ukitaka leseni kwa uzamili, soma uzamili wa unasihi wa afya ya akili wenye ithibati ya CACREP, ambao una krediti 60.

PhD na PsyD za saikolojia tiba zimetoka katika mikutano miwili ya wanasaikolojia. Mkutano wa Boulder, Colorado, mwaka 1949, ulisema mwanasaikolojia tiba awe mtafiti na mtabibu kwa pamoja, na PhD imebaki na sura hiyo. Mkutano wa Vail wa 1973 uliidhinisha njia ya pili, inayolenga zaidi kutibu, na PsyD ikashika mizizi. Kwa mtu anayetegemewa nyumbani tofauti kubwa iko kwenye fedha. Programu nyingi za PhD huchukua wanafunzi wachache sana, huwalipia ada na kuwapa posho kwa kufundisha au kutafiti, kwa miaka mitano hadi saba. PsyD hupokea wengi zaidi, kwa miaka minne hadi sita hivi, lakini mara nyingi mwanafunzi hujilipia kwa mkopo. Deni hilo lihesabu kabla ya kuhesabu miaka.

Zote mbili zinadai mwaka mzima wa mafunzo ya kazini, unaopatikana kwa mfumo wa APPIC wa kulinganisha chaguo za wanafunzi na za vituo, na huenda ukapangiwa jimbo la mbali. Kisha kuna mtihani wa leseni uitwao EPPP, wenye maswali 225 ya kuchagua, ambapo majimbo mengi yanataka alama 500 kwa kipimo chake. Kabla ya kuomba, fungua takwimu ambazo kila programu yenye ithibati ya APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, inalazimika kuziweka wazi: asilimia ya waliopata kituo cha mafunzo, waliopata leseni, walioacha njiani, na gharama. Programu ambayo wengi wake hawafiki kwenye leseni usiipeleke kwenye orodha yako.

Kwa maelezo yako, tungeanza na uzamili wa unasihi. Ni miaka miwili na nusu hadi mitatu, halafu Ohio itakupa leseni ya kwanza ya kufanya kazi chini ya usimamizi. Leseni ya kujitegemea inakuja baada ya saa 3,000 za kazi iliyosimamiwa, kwa muda usiopungua miaka miwili, na saa hizo unazifanya ukiwa unalipwa mshahara. Kiswahili na Kifaransa chako viandike juu kabisa ya wasifu. Columbus ina familia nyingi za Wakongo, na mteja anayemweleza mnasihi habari za vita kupitia mkalimani, pengine mtoto wake mwenyewe, hasemi yote.

Naweza kutoa nakala za vipimo vya WAIS na Beck nilivyovikuta maktaba, nivitumie kwenye utafiti? — Mwanafunzi, Kampala

Usifanye hivyo. WAIS, kipimo cha akili, na BDI-II, kipimo cha sonona cha Beck, ni mali ya kampuni na huuzwa kwa watu wenye sifa tu. Nakala za kichochoroni zina hasara nyingine pia: kurasa za maelekezo hukosekana, mhojaji anabuni, na alama hazina maana tena. Isitoshe, viwango vya WAIS vilipatikana kwa watu wa nchi nyingine, na kumwita mkulima wa Masindi "mwenye akili ndogo" kwa jedwali la Marekani ni kumdhulumu. Ukihitaji kipimo cha sonona bila gharama, PHQ-9 ni ya bure na haihitaji kibali. Kwa wasiwasi kuna GAD-7. Ukihitaji BDI-II kwa dhati, iweke kwenye bajeti au uiulize idara kama inayo akiba ya fomu halali.

Msimamizi wangu wa tasnifu hajajibu tangu nimpelekee sura ya tatu. Nikimpigia anasema "nitaangalia". Muda wangu wa usajili unaisha. Naogopa kumkasirisha. — Mwanafunzi, Mwanza

Heshima yake ibaki pale pale, lakini mambo yahamie kwenye maandishi. Mwandikie barua pepe fupi: sura niliyotuma, tarehe niliyoituma, maswali mawili au matatu ninayohitaji majibu yake, na tarehe usajili wangu unapoisha. Maswali yawe ya kujibika kwa dakika kumi, mfano "uchambuzi huu wa jedwali la 3 unakubalika, au nitumie mwingine?" Sura nzima yenye ombi la "naomba maoni yako" hukaa chini ya rundo, swali moja hujibiwa kwenye foleni ya benki. Omba muda wa kuonana nusu saa, na baada ya kuonana mtumie muhtasari wa mlichokubaliana.

Wiki mbili zikipita kimya, tuma ujumbe ule ule tena, umnakili msimamizi wa pili kama unaye. Zikipita nyingine mbili, nenda kwa mratibu wa masomo ya uzamili wa idara na barua hizo mkononi. Usiende kushtaki. Sema unaomba kusaidiwa kupata mrejesho kabla ya tarehe fulani, na uulize taratibu za kuongeza msimamizi mwenza. Kuongeza mwenza ni rahisi kuliko kumbadili, na hakumvunjii mtu heshima. Wakati huo huo jaza fomu ya kuongezewa muda wa usajili mapema, ukiambatisha barua zile zile, kwa sababu fomu iliyofika baada ya tarehe huambatana na faini au kuanza upya.